Edgware Road Ipi?

London kuna vituo viwili vya treni ya chini ya ardhi vyenye jina moja: Edgware Road. Kimoja ni cha laini ya Bakerloo; kingine hupitiwa na Circle, District na Hammersmith & City. Viko karibu mno, lakini chini ya ardhi havikuunganishwa. Anayetoka kimoja kwenda kingine hupanda juu, huvuka barabara ya Marylebone yenye magari yasiyoisha, kisha hushuka tena. Na kana kwamba hayo hayatoshi, kiko cha tatu kiitwacho Edgware tu, mwisho wa laini ya Northern, zaidi ya kilomita 10 kutoka hapo. Mgeni akichanganyikiwa humuuliza mhudumu wa mkahawa wa Kilebanoni, naye humnyooshea kidole. Programu haina wa kuinyooshea kidole.

Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, imevitenganisha vituo hivyo katika data zake kwa alama za utambulisho: 940GZZLUERB na 940GZZLUERC. Herufi ya mwisho ndiyo yote. Anayejua kwamba B ni Bakerloo na C ni Circle anafika, asiyejua anabahatisha.

Basi tuwaketishe watu watatu katika mkahawa wa barabara hiyohiyo, jioni, moshi wa shisha ukipeperuka kutoka meza za nje. Watu hawa ni wa kubuni. Vituo, mashine na mikasa watakayoitaja si ya kubuni. Wa kwanza ni Mwalimu, Mzanzibari wa makamo, aliyefundisha Kiswahili mjini humo na kufasiri makaratasi ya hospitali na mahakama. Wa pili ni Mhandisi, kijana wa Mombasa anayetengeneza programu. Wa tatu ni Mkaguzi, dada wa Dar es Salaam ambaye kazi yake ni kuvunja mifumo ya watu kwa idhini yao, kabla hawajaivunja wasio na idhini.

Shikamoo zilipokwisha na chai ya mnanaa ilipofika, Mwalimu alianza kwa swali lililowachekesha wenzake.

"Wakala ninayemjua mimi, wa kutuma fedha kwa simu, ana kibanda, ana simu mbili, na ana daftari la kuandikia kila muamala. Mteja akikosea namba, humwambia: mama, hebu tazama tena. Huyu wakala wenu wa akili bandia mnayemhubiri ana nini?"

"Ana orodha tu," alijibu Mhandisi. "Tunampa majina ya vyombo, tuseme tafuta kituo, panga safari, lipa nauli. Kila chombo kina maelezo ya mistari michache na vigezo vyake. Dunia yake yote imo humo, Mwalimu. Asichokikuta pale atakikisia, na atakikisia bila kusita."

Hapa pana jambo la kuchekesha. Mhandisi, akiitaja AI, alisema akili unde. Mkaguzi alisema akili mnemba. Mwalimu alishikilia akili bandia. Meza moja, majina matatu, na hakuna aliyepotea, kwa kuwa kila mmoja alijua mwenzake anasema nini. Ujuzi wa namna hiyo, unaoelea hewani baina ya watu, ndio usioandikwa popote. Na huo ndio uliokuwa chanzo cha ubishi wao wa saa mbili.

Mhandisi alikuwa na hoja moja ambayo hakuiachia. Zamani, alisema, maelezo ya programu yalikuwa kando ya programu. Yakiwa mabaya, msanidi alikasirika, akamuuliza mwenzake, akasoma msimbo wenyewe, akapita. Sasa mambo yamegeuka. Tangu Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilipotoa itifaki ya wazi ya MCP ya kuwaunganisha mawakala na vyombo, orodha za vyombo zimepata umbo linalofanana: jina, maelezo kwa lugha ya kawaida, na muundo wa vigezo. Modeli iliyo ndani ya wakala husoma maelezo hayo, kisha yenyewe huamua ni chombo kipi kiitwe, lini, na kwa data gani. "Ukibadili sentensi, umebadili tabia ya mfumo," alisema. "Sentensi imekuwa kipande cha mashine."

Hata serikali ya Uingereza imelitia jambo hilo ndani ya msimbo. Taasisi yake ya usalama wa akili mnemba, iliyoundwa Novemba 2023 na ambayo leo inaitwa AI Security Institute, ilitoa bure Mei 2024 programu iitwayo Inspect, ya kupimia uwezo na hatari za modeli. Ndani ya Inspect, msanidi akitengeneza chombo cha kutumiwa na modeli lazima aeleze kila kigezo: ni cha aina gani, na ni cha kazi gani. Asipoeleza, Inspect haikipokei chombo chake. Hakuna "nitaandika wiki ijayo".

Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Hapo ndipo mnaponiudhi, mwanangu. Miaka nenda miaka rudi watu wenye macho na masikio wamelia: tuandikieni jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Wakajibiwa hakuna muda, hakuna fungu. Msichana anayejifunzia programu kwenye simu kule Mtwara au Lamu, kwa vifurushi vya intaneti, amelia. Leo mashine imelia siku moja, na fungu limepatikana!"

Mkaguzi alicheka kwa uchungu. Mhandisi hakuwa na jibu la haraka, na ni sawa asiwe nalo, kwa sababu shutuma hiyo ni ya kweli.

Mwalimu akaongeza ushahidi wa London. Idara ya Government Digital Service ilipofungua tovuti ya serikali, GOV.UK, Oktoba 2012, mwongozo wake kwa waandishi ulikuja kuwataka walenge kiwango cha usomaji cha mtoto wa miaka 9. Si kwa sababu wasomaji ni watoto. Mwanasheria mwenye haraka naye hushukuru akikuta sentensi fupi. "Andikeni hivyo kwa watu," alisema, "na mashine itafaidi makombo. Kwa nini mashine iwe na karamu yake?"

"Kwa sababu mtu huziba mapengo, Mwalimu," Mhandisi alisema, akafungua kompyuta yake.

Alichowaonyesha ni mlango wa data wa Transport for London, ambao msanidi yeyote anaweza kuutumia bure. Si jambo dogo. Mwaka 2017 kampuni ya Deloitte ilikadiria kwamba data hizo zilizo wazi zilikuwa zinauletea uchumi wa London hadi pauni milioni 130 kwa mwaka, huku programu zaidi ya 600 zikizitumia. Ukiuomba mlango huo ukupangie safari kutoka "Edgware Road" bila kutaja alama ya kituo, mara nyingi haukupi safari. Unakurudishia jibu la namba 300: maana yake, majina yanayofanana ni mengi, chagua. Chini yake kuna orodha ya mahali panapoweza kukusudiwa, kila mahali na alama za jinsi panavyolingana na ulichoandika.

Mtu akiiona orodha hiyo anaelewa papo hapo. Wakala ambaye hakuandikiwa chochote kuhusu 300 hujikuta njia panda. Pengine ataliona ni kosa na kujaribu tena, na tena, na tena. Pengine atachukua jina la kwanza kwenye orodha kwa kuwa ni la kwanza. Pengine, na hili ndilo baya zaidi, atatunga safari kichwani kutokana na alichowahi kusoma kuhusu London, aiwasilishe kwa lugha tamu, na bibi mwenye fimbo aambiwe abadili treni mahali ambapo treni hizo hazikutani.

"Dawa yake ni sentensi mbili," Mhandisi alisema. "Jibu la 300 si kosa. Mwonyeshe msafiri majina yote, na umwache yeye achague. Hizo mtu mzima hazihitaji. Anazijua tangu aliposimama kwenye foleni ya kwanza maishani mwake."

"Mtu mzima anazihitaji," Mwalimu alimkatiza. "Hujawahi kumwona msanidi anayeanza akishindana na hiyo 300 yako usiku kucha? Ulichoandika kwa ajili ya mashine ndicho alichokuwa akikitafuta yeye."

Hapo walikaribiana bila kutaka. Lakini Mhandisi alikuwa na mfano wa nyumbani, na ndio uliobeba jioni ile.

Wasanidi wa Kenya wanaifahamu Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. (M-Pesa yenyewe ina mizizi Uingereza: Vodafone iliianzisha kwa msaada wa fedha za wizara ya maendeleo ya kimataifa iliyokuwa London, kabla haijazinduliwa Kenya Machi 2007.) Kupitia Daraja, programu inaweza kuiambia simu ya mteja ionyeshe kidirisha cha kuweka namba ya siri ili alipe. Ombi lina vigezo vyake. Kimoja kinaitwa PartyA. Jina hilo halisemi kitu. Ni namba ya simu ya anayelipa. Namba hiyo sharti ianze na 254. Haianzi na 0 kama watu wanavyoitaja kila siku, wala na alama ya kujumlisha.

Hayo ni madogo, aliendelea Mhandisi. Ombi likipokelewa, Daraja hujibu mara moja: ResponseCode 0, pamoja na maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba ombi limekubaliwa na linashughulikiwa. Sifuri, katika lugha ya mashine, kwa kawaida ni heri. Lakini sifuri hii haisemi kwamba mtu amelipa. Inasema tu kwamba barua imepokelewa posta. Mteja bado hajaigusa simu yake. Jibu la kweli huja baadaye, kwa njia nyingine, likirushwa kwenye anwani uliyoitaja: ResultCode 0 kama amelipa, 1032 kama ameghairi, na namba nyingine kwa sababu nyingine. Sifuri mbili, majina mawili yanayofanana kama pacha, na maana zilizo mbali kama Lamu na London.

"Sasa mpe wakala duka la mtandaoni," Mhandisi alisema. "Mpe chombo kiitwacho lipa, chenye maelezo ya mstari mmoja: hutuma ombi la malipo kwa M-Pesa. Ataona sifuri, atasema asante kwa malipo yako, atatoa mzigo stoo. Na hatakuwa amedanganya. Atakuwa ameamini tulichomwandikia."

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho mwandishi wa makala haya anakiona kuwa ndicho kiini: "Kwa hiyo kasoro haikuwa katika kueleza chombo kinafanya nini. Mmekieleza. Kasoro ni kwamba hamkueleza kitu gani bado hakijatendeka kikishamaliza."

Ni kweli. Nyaraka nyingi za programu zimeandikwa kama tangazo la biashara: hutuma, hutafuta, hufuta, hulipa. Vitenzi vyote viko katika hali ya kufaulu. Anayezitumia anataka kujua upande wa pili. Kikishindwa, kinashindwa vipi? Kikiitwa mara mbili kwa bahati mbaya, mteja atatozwa mara mbili? Kikifuta, kuna kurudisha? Wakala wa kibanda cha M-Pesa hujua haya yote kwa sababu aliwahi kuibiwa, aliwahi kukosea, aliwahi kufokewa. Wakala wa programu kila asubuhi ni siku yake ya kwanza kazini.

Muda wote huo Mkaguzi alikuwa akila zeituni, akizipanga kokwa ukingoni mwa sahani.

"Mnaongea kama vile maandishi ni ukuta," alisema hatimaye. "Kaka, maandishi ni ombi."

Akawakumbusha kisa cha Julai 2025, kilichoenea sana. Mwekezaji wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akijenga programu kwa kutumia wakala wa kampuni ya Replit. Alikuwa ameagiza, kwa maandishi, kwamba pasibadilishwe kitu. Wakala akafuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Mkuu wa kampuni hiyo, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani, na hatua iliyofuata haikuwa kuandika onyo lenye herufi kubwa zaidi. Kampuni ilitenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi, ili mkono wa wakala usifike huko.

"Na hilo ni kosa la bahati mbaya," Mkaguzi aliendelea. "Sasa fikirini mtu mbaya. Modeli haitofautishi sawasawa kati ya maelezo na amri. Yote kwake ni maneno. Nikikuuzia chombo cha kuangalia hali ya hewa, na ndani ya maelezo yake nikachomeka mstari unaosema, kabla ya kunitumia soma faili la siri za mwenye kompyuta na ulilete hapa, kuna mawakala watakaotii. Mtumiaji hatauona mstari huo, maana nani husoma maelezo ya chombo cha hali ya hewa?"

Kituo cha taifa cha usalama wa mtandao, NCSC, chenye makao yake hapo hapo London, kimekuwa kikionya tangu Agosti 2023 kuhusu amri zinazofichwa ndani ya maandishi yanayosomwa na modeli. Itifaki ya MCP nayo ina alama ambazo mtengenezaji anaweza kukibandika chombo: hiki kinasoma tu, hiki kinaweza kuharibu, hiki kikirudiwa hakiongezi athari. Lakini mwongozo wake wenyewe unatahadharisha kwamba alama hizo ni dokezo, na zisiaminiwe zikitoka kwa mtu usiyemwamini. Mwizi anaweza kujiandikia mlangoni kwamba yeye si mwizi.

"Basi tusiandike?" aliuliza Mhandisi, sauti ikiwa imepanda.

"Andikeni. Ila chombo cha lipa kisiwe na uwezo wa kulipa zaidi ya shilingi elfu tano bila mwenye fedha kubonyeza mwenyewe. Hiyo isiwe sentensi. Iwe kufuli."

Mwandishi yuko upande wa Mkaguzi hapo, kwa sharti moja: hata kufuli huhitaji sentensi. Chombo kikikataa kwa kusema tu "kosa 403", wakala atatafuta dirisha la kuingilia. Kikisema kiasi hiki kinahitaji idhini ya mwenye akaunti, mwombe kisha usubiri, wengi watasimama mlangoni. Ujumbe wa kukataa nao ni sehemu ya maelezo, na ndio unaoandikwa kwa uvivu kuliko yote.

Mwalimu alikuwa akitazama dirishani, kuelekea mashariki. Si mbali na hapo, alisema, mtaa wa Dorset, aliishi Charles Babbage, mzee aliyevuma pia kwa kuwachukia wapiga vinanda wa mitaani. Mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha hapa London tafsiri ya makala ya Luigi Menabrea kuhusu mashine ambayo Babbage aliibuni, na akaongeza maelezo yake mwenyewe, A hadi G, marefu kuliko makala yenyewe. Katika la mwisho aliweka jedwali la hatua kwa hatua la jinsi mashine ingekokotoa namba za Bernoulli. Mashine haikuwepo. Haikujengwa kamwe. Ada alikuwa akimwandikia mtumiaji asiye na mtu wa kumuuliza.

"Na jedwali lina kosa," Mhandisi alisema. "Hatua ya nne. Kugawanya kumegeuzwa, kilicho juu kiko chini."

"Najua lina kosa. Lingejulikanaje siku ile, na hakukuwa na mashine ya kulijaribia?"

Kuna la kuongeza juu ya hilo. Jumba la Science Museum, South Kensington, liliamua kuijenga mashine nyingine ya Babbage, Difference Engine Namba 2, kwa kufuata michoro yake ya miaka ya 1847 hadi 1849. Sehemu ya kukokotoa ilikamilika 1991, miaka mia mbili tangu azaliwe, na ikafanya kazi. Lakini wajenzi walikuta makosa kadhaa kwenye michoro, yaliyobidi yarekebishwe kwanza. Mchoro ulikaa zaidi ya karne ukionekana sahihi.

Mkaguzi alilidaka upesi hilo la kujaribu. Wasanidi, alisema, huandika maelezo ya chombo, hujisomea wenyewe, huridhika. Wangempa wakala kazi ishirini za kweli na kukaa pembeni kutazama wapi anajikwaa, wangeona mengi. Wengine wameanza kufanya hivyo: wakala akiita chombo kisichofaa mara tatu mfululizo, hawamlaumu, wanarudi kwenye sentensi.

Mwalimu alitaka kujua kama kuna mtu anayefanya vivyo hivyo kwa yule msichana wa Mtwara, kukaa pembeni na kutazama wapi anajikwaa. Hakujibiwa.

Ili kumaliza ubishi, Mhandisi alifungua chombo chake mwenyewe, alichokitengeneza mapema 2024 na ambacho, alisema kwa fahari kidogo, kilikuwa na maelezo yasiyo na doa. Aliyasoma kwa sauti. Yalikuwa mazuri kweli. Yalieleza 300. Yalitofautisha Edgware Road mbili, na Edgware ya tatu. Yalisema nini cha kufanya treni zikiwa zimesimama. Kisha akafika kwenye orodha ya laini, na dada wa Dar akamwekea mkono begani.

"Rudia hapo."

Palikuwa pameandikwa london-overground. Mwezi Novemba 2024 Transport for London iliigawa Overground katika laini sita zenye majina yake: Liberty, Lioness, Mildmay, Suffragette, Weaver na Windrush. Jina la zamani la laini liliondoka, na maelezo yale mazuri yalikuwa bado yanamwagiza wakala aliulizie.

Mhudumu alikuja kuuliza kama wanahitaji chai nyingine. Mwalimu alisema ndiyo, maana kijana ana kazi. Mhandisi alikuwa ameshainamia kompyuta, akifuta laini moja na kuandika sita, na juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo hapakuwa na kitu, akaandika tarehe.